Kivuko Kisicho na Ajali

Mkaguzi wa reli alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililoniudhi. Ukigombana na mtu mkali unarudi nyumbani roho imetulia. Huyu alitupa viti, akatuagizia maji ya kunywa, akatupa pole mmoja mmoja, kisha akasema geti la kivuko cha reli haliwezekani.

"Kwa nini?" aliuliza shemeji yangu.

Shemeji ni kinyozi. Mke wake alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, na mdogo wangu aligongwa na treni kwenye kivuko cha nyuma ya ghala, akipeleka nguo nilizomshonea mteja wangu. Ghala limejengwa hadi karibu na reli, na reli inakata kona papo hapo. Treni huioni mpaka imeshakufikia.

"Geti linawekwa kwenye kivuko chenye ajali," mkaguzi alisema. "Chenu hakina."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mbele yake tuliketi mimi, shemeji, na Bibi Filimbi ambaye amemzika mjukuu wake kwa sababu ya kivuko hicho hicho.

"Zilikuwepo, sikatai," aliendelea. "Lakini tunahesabu za mwaka huu, na mwaka huu hakuna hata moja. Kwa kweli hongereni."

Kumbe marehemu nao wanaisha muda, kama maziwa ya pakiti.

Sababu ya kutokuwa na ajali ni sisi wenyewe. Baada ya mazishi, familia zilizofiwa tulianza kupeana zamu kivukoni. Nilishona bendera nyekundu kwa bitana iliyobaki kwenye makoti ya wateja. Mtu wa zamu anapanda juu ya kifusi upande wa kona, anaiona treni kabla ya wengine, anapuliza filimbi na kuwazuia watu kwa bendera. Bibi Filimbi jina lake alilipata hapo. Akipuliza yeye, hata mbwa wanahama mtaa. Mwanzoni watu walitucheka, baadaye wakazoea, wakawa wanasimama wenyewe wakisikia filimbi. Tulifanya kazi ya geti vizuri mno hadi tukaonekana hatuhitaji geti. Ujinga wa namna hiyo ni sisi tu tungeuweza.

"Tunachoka," nilimwambia mkaguzi. "Tuna kazi zetu. Siku mtu wa zamu akiugua itakuwaje?"

"Nakuelewa, mama. Nitakuja Jumatano nijionee. Nikishuhudia hatari kwa macho yangu, hata kama hakuna aliyeumia, nitaiandika. Hiyo inakubalika."

Tulipotoka, shemeji alitusimamisha njiani.

"Jumatano tusisimame kivukoni," alisema. "Bendera zikae ndani. Tumwache aone."

"Na mtu akigongwa?" Bibi Filimbi aliuliza.

"Hatagongwa, Bibi. Ataponea chupuchupu, kama walivyokuwa wakiponea zamani. Tunataka hiyo chupuchupu tu."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia na mengine ambayo shemeji haambiwi. Halafu nikakubali, kwa sababu nililitaka lile geti kuliko kitu chochote duniani, na yeye alilijua hilo.

Jumatano tuliketi kwenye benchi nje ya duka la shemeji la kunyolea, mahali panapotazamana na kivuko. Bendera zilikuwa ndani, chini ya taulo. Bibi Filimbi alinikabidhi filimbi yake.

"Shika wewe, mwanangu. Mimi mdomo wangu siuamini."

Mkaguzi alikuja na kofia yake ngumu, akasimama pembeni ya reli. Treni ya kwanza ilipita na hapakuwa na mtu. Aliandika kitu, akajipangusa jasho, akaendelea kungoja. Shemeji alimnyoa mteja upande mmoja, akamwacha kwenye kiti na kurudi benchini.

Ndipo akatokea mtu anayesukuma mkokoteni wa magodoro. Yalipangwa hadi kumzidi kimo, haoni mbele wala kushoto. Hakupunguza mwendo wala hakutega sikio. Nikaelewa: tulikuwa tumemzoesha kwamba pakiwa kimya hakuna treni. Kabla yetu angalau angechungulia.

Reli zikaanza kuvuma.

"Shemeji," nilisema.

"Subiri." Aliushika mkono wangu wenye filimbi. "Kidogo tu. Subiri."

Nilimchukia, na nilijichukia mimi, maana sikuuchomoa mkono wangu.

Halafu akauachia, akaruka yeye mwenyewe. Alikimbia na aproni yake, nywele za mteja zikimpukutika, akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, lakini yeye alikuwa ameshafika. Alimvuta yule mtu kwa kola, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto. Mkokoteni ukaenda wenyewe hadi relini, treni ikapita nao.

Hakuna aliyeumia zaidi ya magoti. Mwenye magodoro aliinuka akitukana, akidai shati lake limechanwa. Kisha akageuka, akaona kilichobaki cha mkokoteni, akakaa chini bila kumaliza tusi.

Mkaguzi alikuja mbio, uso umempauka.

"Wewe ni nani?" alimuuliza shemeji.

"Mimi wa zamu," shemeji alijibu huku akihema.

Ningeweza kumziba mdomo kwa mkono. Hata zamu haikuwa yake. Siku hiyo haikuwa zamu ya mtu yeyote.

"Kumbe kivuko kina mlinzi," mkaguzi alisema taratibu. "Kivuko chenye mlinzi hakipewi geti."

"Umeona mwenyewe!" nilimpigia kelele. "Asingemvuta, ungeandika nini?"

"Mama, nimeona akivutwa." Hakuniangalia. "Naandika kilichotokea. Ambacho kingetokea hakina mahali pa kuandikwa."

"Andika," shemeji alisema. "Andika yupo mlinzi. Mke wangu hakupata wa kumvuta."

Akalia pale pale, mbele ya mkaguzi na mbele ya mteja aliyetoka dukani na kichwa kilichonyolewa nusu. Nilikaa kando yake kwenye kokoto.

Jumapili tulikutana kwenye chumba changu cha kushonea, watu wamebanana kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Hali haikuwa nzuri. Baba mmoja aliyempoteza mwanawe alimwambia shemeji wazi kwamba ametuponza, kwamba angefumba mdomo tungekuwa na geti. Mwingine akasema twende makao makuu, mwingine akasema makao makuu tulishakwenda.

Bibi Filimbi alikuwa mlangoni, anapokaa siku zote kupokea wageni. Kila anayekuja kwetu mara ya kwanza, Bibi humuuliza swali lile lile, kwa sababu hatujawahi kupata mgeni aliyekuja kwa jambo jingine.

Aliyeingia alikuwa mwanamke kijana, amembeba mtoto mchanga. Nyuma yake mwanamume alichechemea, amevaa shati safi. Bibi hakumtambua, bila magodoro alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Karibu, mwanangu. Pole," Bibi alisema. "Umefiwa na nani?"

Yule mwanamke alitutazama sote, kisha akamgeukia mumewe.

"Sijafiwa," alisema. "Ningefiwa na huyu."

Shemeji aliinuka kumpisha kiti. Mwanamke akakaa, akamlaza mtoto mapajani, akauliza zamu ya asubuhi inaanza saa ngapi.