Behewa la Were

Mabehewa ya mizigo huchelewa kupakuliwa kwa sababu nyingi za heshima. Hati hupotea. Mvua hunyesha. Injini hulisukuma behewa hadi mlango wake ukaangalia ukuta badala ya ghala, na watu wazima kumi hukaa chini kuutazama ukuta huo mpaka injini irudi. Mwenye mali, akijua kwamba bohari lake limejaa, huugua ghafla siku mzigo unapofika. Na mwaka huo wa 1955 kulikuwa na sababu kubwa kuliko zote: watu hawakuwapo. Msako wa serikali ya kikoloni wa mwaka uliotangulia ulikuwa umewazoa maelfu na kuwapeleka kambini kwa malori, na genge letu la makuli ishirini na watano lilibaki na watu tisa.

Sababu nyingine, ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la reli, ni mimi.

Naitwa Zedekiah. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni, na nilikuja Nairobi likizo ya Agosti nikiwa na barua ya mwalimu mkuu iliyosema kwamba nina akili nyingi ila sijapata kuitumia kwa jambo la maana. Mjomba wangu Sifuna, karani wa ghala la mizigo, aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema kazi itanifaa. Tuliishi Kangemi, na kila alfajiri tulishuka mjini kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kama askari na mfungwa wake.

Kazi yangu ilikuwa kunakili kadi. Kila behewa lilikuwa na kadi iliyobanwa ubavuni, inayosema limebeba nini na linapelekwa reli ipi. Mpanga mabehewa hakufungua mlango wala hakunusa. Alisoma kadi, akapuliza filimbi, na injini ikasukuma. Kadi ikisema ngozi, basi ni ngozi. Nililitazama jambo hili kwa siku tisa, na naomba nisifiwe kwa zile nane za kwanza.

Msimamizi wetu alikuwa Jaswant Singh, mtu mkubwa mwenye kilemba cha buluu, ambaye hakumruhusu yeyote mwingine kukata lakiri ya mlango. Aliikata mwenyewe, akauvuta mlango, akaingiza kichwa ndani kabla ya mtu yeyote, kama daktari anayechungulia koo la mgonjwa. Jumamosi asubuhi, mabehewa mawili yalisimama pamoja. Moja lilikuwa la saruji kutoka Mombasa, la kupakuliwa ghalani kwetu. Jingine lilikuwa la ngozi mbichi, la kwenda kwenye kiwanda kimoja ng'ambo ya reli, nalo lilikuwa limekaa juani siku nne. Nikabadilisha kadi. Ilichukua muda wa kukohoa mara mbili.

Saa tatu Jaswant Singh alikata lakiri, akavuta mlango, akaingiza kichwa.

Alipokitoa, makuli wote tisa walikuwa wamekwisha kaa chini kwa kicheko.

"Kijana ya shule," akasema, akifuta macho, "hii simiti yako imekufa lini?"

"Labda ni simiti ya Ulaya, Bwana Singh," nikajibu kwa unyenyekevu.

"Mimi iko hapa miaka ishirini. Simiti ya Ulaya hapana kuwa na mkia."

Hata yeye alicheka. Nalitaja hilo kwa sababu hakuna aliyecheka tena siku ile.

Mjomba Sifuna alikuja akikimbia, na mjomba hakuwa mtu wa kukimbia. Alilitazama behewa, akaitazama kadi, akauliza saruji iko wapi. Nikasema labda imepelekwa kwenye kile kiwanda cha ngozi. Akakaa juu ya mizani ya magunia, na mshale ukapanda, na hakuna aliyethubutu kuutania uzito wake.

"Lile ni behewa la Were," akaninong'oneza.

Were alikuwa kuli wa genge hilohilo. Kifua kilimlaza hospitali mwezi mzima, akafa Jumanne. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba mjomba alikuwa amehangaika siku tatu kumtafutia njia ya kwenda kwao Butere, maana watu wetu hatumwachi mtu wetu katika udongo wa mji. Maiti haikukubaliwa pamoja na mizigo mingine. Ilitaka behewa lake peke yake, tupu, lililofagiliwa. Behewa la saruji likishapakuliwa lilikuwa linarudi magharibi bila mzigo, kwa gari moshi la saa kumi jioni. Mkuu wa stesheni alikuwa amekubali. Mjomba alinyamaza kwa sababu ya desturi ya ghala: makuli hawaambiwi behewa lipi litabeba maiti, maana wakijua hawaligusi mpaka wafanyiwe sala, na sala za makuli, siku ya kazi ngumu, huwa ndefu.

"Si apande gari moshi la Jumatatu, mjomba?" nikauliza.

"Cheti cha bwana afya kinaisha leo machweo. Asipoondoka, anazikwa hapahapa." Akainuka kwenye mizani. "Namalwa anangoja stesheni ya Dagoretti na watoto. Ataingia garimoshini pale, aende na mumewe."

Injini iliyolipeleka behewa kiwandani ilikuwa imetumwa kwingine. Ilipopatikana, saa sita, lango la kiwanda lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amefunga kazi mapema kwa kuwa ni Jumamosi. Mjomba alimfuata kwa baiskeli. Behewa lilisimama mbele ya ghala letu saa nane na nusu. Lilikuwa na mifuko mia tano.

Jaswant Singh alivua koti, akalitundika msumarini. Mjomba akavua tai. Nami nikaingia kwenye mstari, mfuko ukatua begani, na nikafahamu kwa nini Were alikuwa na kifua kibovu. Vumbi la saruji huingia kila mahali na halina haraka ya kutoka.

Saa tisa jeneza lilifika juu ya mkokoteni. Hapo makuli wakajua. Nilitegemea wataweka mifuko chini. Hawakuweka. Mmoja alivua kofia, akaivaa tena, na mwendo wa mstari ukawa wa kukimbia. Tangu hapo hatukusikia ila nyayo kwenye ubao.

Nilipopita mbele ya mjomba, aliyekuwa akihesabu huku amebeba, nikasema, "Mjomba, ni mimi niliyebadilisha kadi."

"Mia mbili na kumi na moja," akasema.

Nikarudi, nikabeba mwingine. Nilidhani hakusikia, nikarudia.

"Mia mbili na kumi na tisa. Songa, unazuia watu."

Saa kumi kasorobo gadi wa gari moshi alikuja na bendera yake kwapani. Ilikuwa imebaki mifuko sitini. Mjomba akamsihi amwache Were asafiri juu ya hiyo sitini. Gadi alikuwa mtu wa Kisumu, na uso wake ulionyesha kwamba haikuwa kazi aliyoipenda.

"Bwana Sifuna, saruji ya Nairobi haitoki Nairobi. Na behewa lenye mzigo haliingii maiti. Nikisaini hapa, Nakuru watanishusha mimi na yeye pamoja."

"Dakika kumi na tano tu."

"Siendeshi mimi. Ningekuwa naendesha mimi, ndugu yangu, ningekupa mpaka kesho."

Tuliendelea kubeba. Filimbi ilipolia bado kulikuwa na mifuko ishirini na sita, na Jaswant Singh alikuwa amekaa kizingitini mwa behewa na mfuko mapajani, hawezi kuinuka. Mjomba alinishika shati mgongoni, akanisukuma hadi kwenye behewa la gadi.

"Sisi tunampeleka makaburini kabla jua halijazama," akasema. "Wewe panda. Utamwambia Namalwa."

"Nimwambie nini?"

"Unajua Kiswahili kizuri. Barua ya shule imesema."

Haikusema hivyo, lakini nilipanda.

Njia nzima hadi Dagoretti nilitunga sababu. Nilikuwa nazo nyingi, na zote za kweli: uhaba wa watu, injini moja, lango lenye kufuli, cheti kisichongoja. Nilizipanga kwa utaratibu kama insha. Kisha injini ikapunguza mwendo, nikasikia ngoma ya kanisa.

Walikuwa kama arobaini, watu wetu wa Riruta na Kangemi, wanawake wamefunga vitambaa vyeupe. Walipoona gari moshi wakaanza wimbo, wakatembea sambamba na mabehewa wakilitafuta la Were. Namalwa alikuwa mbele, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na godoro lililofungwa kamba kichwani pa wifi yake Rael. Nilishuka nikiwa mweupe kwa saruji kuanzia nywele hadi viatu. Wimbo ukapungua sauti moja moja.

"Yuko behewa lipi, mwanangu?" Namalwa akauliza.

Nikaanza na uhaba wa watu. Nikaeleza injini. Nilipofika kwenye lango, Rael alishusha godoro.

"Huyu anasema nini?" akauliza. "Mbona anazunguka kama mbwa anayetaka kulala?"

"Hayumo," nikasema. "Wanamzika mjini. Jioni hii."

Gari moshi lilisimama pale dakika tatu. Gadi aliangalia saa yake, akamwangalia Namalwa, akaangalia tena saa. Namalwa alitazama mabehewa moja moja, hadi la mwisho, kana kwamba ningeweza kuwa nimehesabu vibaya. Kisha akamwambia gadi, kwa adabu, aende tu.

"Ni nani alichelewesha?" akaniuliza.

Hapo insha yangu ilifikia mwisho. "Ni mimi, mama. Nilibadilisha kadi za mabehewa. Nilitaka watu wacheke."

"Wakacheka?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa bei sokoni. Hakunipiga. Mwanamume mmoja alinijia na fimbo, naye akamzuia kwa mkono, akasema hakuna muda, jua bado liko juu kidogo. Akanipa mtoto mkubwa nimbebe. Tulikwenda makaburini kwa miguu, karibu wote arobaini, na hakuna aliyeimba. Lango la makaburi tulilikuta limefungwa. Mjomba na Jaswant Singh walikuwa wamekaa nje yake, juu ya mkokoteni mtupu.

Jumapili asubuhi niliitwa Riruta, chumbani kwa Namalwa, nije na kalamu. Kule Butere walikuwa wamekwisha pata simu ya kifo tangu Alhamisi, na kaburi lilichimbwa Ijumaa, ubavuni mwa nyumba ya Peres, mama yake Were. Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Lazima lipewe kitu.

"Andika," Namalwa akasema. "Mama, wakate mgomba wenye urefu wake. Wewe unaujua urefu wake. Wauvike blanketi, wauzike kwa sala zote, asije mwingine akaitwa na shimo hilo."

Niliandika. Akasema, "Sasa waambie kwa nini."

Niliandika, nikamsomea: "Tunasikitika kwamba behewa lilichelewa kupakuliwa kutokana na matatizo ya kazi yaliyotokea stesheni."

"Hayo matatizo yana jina," akasema. "Peres ni mtu mzima. Atataka kulijua jina, na baba wa jina hilo, na anatoka kijiji gani."

Kijiji chetu kiko mwendo wa nusu saa kutoka kwa Peres. Mama yangu husali naye kanisa moja. Nilikata ule mstari, nikaandika jina langu, nikaandika la baba yangu, nikaandika kijiji. Namalwa hakujua kusoma. Aliweka kidole chini ya kila neno na kuniuliza, hili ni lipi, na hili, mpaka tukafika mwisho.