Kipandio cha Mshtakiwa

Siku ya kwanza ya kesi, hakimu alimwita mshtakiwa asimame, na kizimbani hakuonekana mtu.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yupo, Mheshimiwa," askari akajibu.

"Yupo wapi?"

"Humu humu ndani, Mheshimiwa. Ndiyo amesimama hivyo."

Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho, akaivaa tena. Juu ya ukingo wa kizimba zilionekana nywele tu, zimesukwa mistari minane iliyonyooka, kazi ya bibi mtu ambaye siku hiyo aliamka mapema kuliko jogoo. Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, kicheko kikazama, kikaibuka tena pembeni kwa waandishi wa habari.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka hata kidogo. Huyo alikuwa fundi seremala wa mahakama, wenyewe wakimwita Rula, kwa sababu tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona bila rula mfukoni mwa shati. Alikuwa na sababu mbili za kununa. Ya kwanza, kizimba kile alikitengeneza yeye. Miaka kumi na mitano nyuma mwizi mmoja alikiruka cha zamani akatokea dirishani, basi serikali ikaagiza kingine cha mita moja na robo, na Rula akatoa mita moja na robo, si unywele zaidi si unywele pungufu. Ya pili, kwenye benchi la mbele alikaa mdogo wake wa tumbo moja, mlinzi wa shule, mikono yote miwili imefungwa bandeji, na mkono wa kulia una vidole vitatu tu.

Aliyevichukua vile viwili vingine ndiye huyo mwenye mistari minane ya nywele. Umri wake miaka kumi na miwili.

Wakili wa serikali alikuwa ameshaleta ombi lake. Alitaka mshtakiwa ahukumiwe kama mtu mzima. Msichana huyo, alisema, alinunua mafuta ya taa, alinunua kibiriti, alingoja Jumamosi mchana shule ikiwa tupu, akachoma ofisi. Sheria ya pale ilimruhusu hakimu kuamua: akisema mtu mzima, ni gereza kubwa, hata miaka thelathini, akisema mtoto, ni mahakama ya watoto, kisha shule ya maadilisho mpaka afike kumi na minane. Ombi likapangiwa Alhamisi ya wiki ijayo.

"Lakini," hakimu akasema, "mahakama haiwezi kumsikiliza mtu isiyemwona."

Karani, mama mmoja mnene asiyekosa neno, akatoka mbio akarudi na kreti ya soda. Hakimu akaitazama ile kreti mpaka ikaonekana kama nayo imeshtakiwa.

"Hapa si baa. Fundi atengeneze kipandio."

*

Kwa Rula lile ombi halikuwa na mjadala. Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake, akamkuta shemeji yake anamnywesha uji kwa kijiko.

"Mtoto, mtoto," Rula akasema hata kabla hajakaa. "Mtoto gani anajua bei ya mafuta ya taa? Mimi nina miaka hamsini na mbili siijui."

"Wewe una umeme, kaka," mdogo wake akasema.

"Usinichekeshe. Afungwe. Akitoka awe na mvi kama mimi."

Mdogo wake akameza uji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu siku ile yamezidi kupungua. "Alitaka kuchoma daftari la adhabu," akasema. "Aliandikwa jina, akaambiwa Jumatatu mzazi aje. Akaona likiungua daftari, na adhabu imeungua. Hakujua kama nimelala mle. Hata mkuu wa shule hakujua. Mlinzi halali ofisini."

"Kulikuwa na mvua."

"Kulikuwa na mvua. Halafu niliposhika ule mlango wa chuma nikapiga kelele, alirudi. Alikuja na maji."

"Ndoo ngapi?"

"Kikombe. Kile chao cha plastiki. Akamwaga, akakimbilia bombani, akaleta kingine. Vikombe vitano, sita. Na yeye analia."

Shemeji mtu akaacha kijiko hewani. Rula akasimama, akasema ana kazi, akaondoka.

*

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku. Mbao nne, misumari, gundi, kupiga msasa. Lakini serikalini hata msumari una fomu, nakala tatu, na asubuhi Bi Karani alimsogezea moja juu ya meza.

"Kazi: kipandio. Haya. Vipimo utajaza. Hapa, mtumiaji: mtu mzima au mtoto. Weka tiki."

"Kwani inahusu nini?"

"Inahusu stoo, fundi. Samani za watoto zina fungu lake, za wakubwa lake. Ukikosea, mbao hupati."

Rula akachukua kalamu, akaweka tiki kwenye mtu mzima. Aliiweka kwa nguvu mpaka ikatokea nakala ya tatu. Moyo wake ukaburudika; ilikuwa kama ameshatoa hukumu yeye.

Jumatatu fomu ikarudi kutoka stoo na mhuri mwekundu. Chini ya mhuri, mkuu wa stoo ameandika kwa mkono: *Mtu mzima hupanda kwa miguu yake. Kipandio si katika samani za watu wazima. Pia vipimo havipo.*

Bi Karani alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya baba, nenda kapime. Uchukue na fomu nyingine."

Kupima maana yake kushuka mahabusu. Rula alishuka ngazi akijiapiza kwamba hatamsemesha yule kiumbe hata neno moja. Askari akafungua mlango. Msichana akanyanyuka kwenye benchi, akamwona fundi na futi yake, akakunja mikono kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba," Rula akasema. Lilimtoka kama chafya, na lilipotoka hakukuwa na namna ya kulirudisha. Akakunja uso kufidia. "Simama ukutani."

Msichana hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alijua namna ya kupimwa. Aligandisha mgongo ukutani, kisigino kwa kisigino, kidevu juu, akaacha kupumua. Rula akaweka rula juu ya kichwa, akashusha futi ukutani mpaka sakafuni, akainama kusoma, akaona jambo.

"Shusha visigino."

Akashusha. Rula alipoinamia tena, vilikuwa vimepanda tena, kidogo, kwa ujanja.

"Nimesema shusha. Unamwibia nani?"

"Samahani." Akashusha kweli. "Ngapi?"

"Mia moja ishirini na tisa."

"Mwaka jana nilikuwa mia ishirini na sita!" Uso wote ukafunguka. Akamgeukia askari. "Umesikia? Tatu zimeongezeka!" Askari, mtu mzima mwenye bunduki, akajikuta anampa hongera. Kisha msichana akakumbuka yuko wapi, uso ukafunga.

Rula aliandika ile namba polepole, kama anachonga. Alikuwa anageuka kuondoka alipoulizwa:

"Fundi, yule mlinzi anashikaje kikombe sasa?"

"Nini?"

"Cha chai. Chai ya moto inataka kidole cha kuingiza kwenye mkono wa kikombe. Mimi namfikiria akinywa chai."

Rula alitaka kumwambia yule ni mdogo wangu, tumbo moja, titi moja. Badala yake akasema, "Ananyweshwa," akapanda ngazi kwa kasi isiyolingana na magoti yake.

*

Fomu ya pili ilijazwa yote isipokuwa tiki.

"Weka kwenye mtoto," Bi Karani akasema. "Vinginevyo stoo wataturudishia mpaka huyu binti aolewe."

"Siweki."

"Tiki tu, fundi. Hailiwi."

"Yule si mtoto. Mkono wangu hauandiki hivyo. Vipimo vyangu hivyo, vingine kaandikeni nyinyi mliosoma."

Bi Karani akavuta pumzi, akaiweka fomu katikati ya mafaili ya hakimu pamoja na chai yake. Saa nne hakimu alikuwa anasaini huku anaongea na simu. Alifika kwenye fomu, akaona pengo, akauliza bila kuondoa simu sikioni, "Hiki cha nini?"

"Kipandio cha yule binti, Mheshimiwa. Stoo wanataka kujua mtu mzima au mtoto."

"Si kwa huyo mfupi? Mtoto," hakimu akasema, akaweka tiki, akasaini, akaendelea na simu. Alitumia kalamu yake ya wino wa kijani. Jengo zima hakuna mwingine aliyeruhusiwa wino wa kijani.

Mbao zikatoka siku ile ile.

*

Alhamisi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Kipandio kilikuwa kizimbani, sentimeta thelathini na tano, kimepigwa msasa hadi kisimchome mtu. Msichana akapanda. Wakamwona wote kwa mara ya kwanza: mashavu, shingo nyembamba, kola ya sare ya shule.

"Vizuri," hakimu akasema. "Sasa mahakama inamwona mshtakiwa."

Wakili wa serikali alizungumza saa nzima, na si mzungumzaji mbaya. Alisema umri ni namba tu. Alisema uovu hauna kimo. Alionyesha risiti ya mafuta ya taa. Alimwelekea mlinzi, akasema mikono ile haikuchomwa kitoto. Nyuma pale Rula alitikisa kichwa kukubali. Mambo ndiyo hayo, alijisemea, mwanaume anaongea.

Wakili wa utetezi alikuwa dada mwembamba anayebeba mafaili kwa kuyakumbatia, sauti yake ndogo mpaka feni ilimshinda. Alisimama akasema sentensi moja.

"Naomba fundi aitwe."

Rula akajitazama mwenyewe, akatazama nyuma yake kama kuna fundi mwingine. Hakuwepo. Akapita mbele, akaapa. Dada akampa karatasi. Ilikuwa nakala ya kwanza ya ile fomu ya pili.

"Fundi, hiki kipandio umekitengeneza kwa mtumiaji gani? Soma tu."

Rula akaona. Mbele yake mdogo wake ameweka mikono mapajani kama vitu alivyopewa avishikie. Neno moja tu lingetosha: *sioni vizuri*, au *sikumbuki*. Nani angembishia mzee wa miaka hamsini na mbili asiye na miwani?

"Inasema mtoto," akasema.

"Umeweka tiki wewe?"

"Mimi? Mimi niliweka mtu mzima! Ikarudishwa!"

Kicheko. Hakimu akagonga meza.

"Hii basi kaweka nani?"

Rula akamtazama hakimu. Hakimu akatazama feni.

"Mimi jina sijui," Rula akasema. "Najua rangi. Ni kijani."

Safari hii hata askari walicheka. Bi Karani alizama chini ya meza akitafuta kitu ambacho hakikuanguka. Wakili wa serikali akaruka: tiki ya stoo si uamuzi wa mahakama! Halafu, akiona anazama, akamgeukia shahidi mwenyewe.

"Fundi, wewe ni kaka wa mlinzi, siyo?"

"Ndiyo."

"Iambie mahakama kwa mdomo wako. Yule ni mtoto?"

Bibi mtu alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Msichana alimtazama Rula, kisha mlinzi, kisha Rula tena, akaelewa wao ni nani kwa nani, akainamisha kichwa mpaka ikabaki ile mistari minane.

"Mimi nataka afungwe," Rula akasema. "Nilitaka jana, na leo nataka. Mdogo wangu hafungi hata kifungo cha shati. Lakini umeniita kwa kazi yangu, na kwenye kipimo mimi sijawahi kudanganya. Kizimba nilitengeneza cha watu wazima. Huyu hakimwenei. Mmeniagiza nimnyanyue sentimeta thelathini na tano ili mpate kusema ni mtu mzima." Akamrudishia dada karatasi yake. "Basi. Na alinyanyua visigino."

"Alifanya nini?" hakimu akauliza.

"Nilipompima. Alitaka awe mrefu."

Hakimu akaahirisha kwa dakika kumi, akakaa arobaini. Aliporudi alisoma haraka, macho kwenye karatasi. Hoja za serikali ni nzito, alisema, na kosa ni kubwa, na mahakama haipuuzi mikono ya mlinzi. Hata hivyo, mahakama haiwezi kuwa na mtoto stoo na mtu mzima kizimbani. Kesi ihamie mahakama ya watoto.

Bibi mtu alilia kwa sauti. Wakili wa serikali alikusanya risiti zake. Rula alitoka bila kumsubiri mtu, ana hasira na kila mmoja, kuanzia yeye mwenyewe.

*

Ungedhani yameisha. Jumatatu Bi Karani alimwita.

"Kipandio kimesajiliwa samani ya mtoto. Hakiruhusiwi kubaki huku kwa wakubwa. Kipeleke mahakama ya watoto."

"Kule hakuna kizimba! Wanakaa kwenye meza!"

"Najua. Kipeleke tu. Weka tiki hapa."

Rula aliishika kalamu muda mrefu. Akaweka tiki, ndogo, safari hii haikutokea hata nakala ya pili. Akakibeba kipandio begani, akakifikisha, na kule wakakiweka chini ya dirisha. Kipo mpaka leo. Hakimu wa watoto, mama mfupi, hukipanda akitaka kufungua komeo la juu.

Msichana alipelekwa shule ya maadilisho. Siku walipomsikiliza, mlinzi aliulizwa kama ana la kusema. Akasema ana moja: vilikuwa vikombe saba, alikuwa amehesabu vibaya.

Rula hakuwepo. Alikuwa karakana na kipande cha mbao laini, anachonga kishikio cha kikombe. Alikuwa ameshapima mkono wa mdogo wake mara tatu, kila kidole kilichobaki na kila nafasi iliyobaki wazi. Kwa miezi mitatu walikuwa wamemhoji mlinzi polisi, daktari, mawakili wawili na waandishi wa habari sita, na Rula mwenyewe alikuwa akienda pale kila jioni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakunywaje chai.

Akapuliza vumbi, akajaribisha kwa vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, akaona bado kinabana. Akachukua msasa tena.