Mgombea Aangalie Ukuta

Asubuhi ya siku ambayo chama chetu kilikuwa kinamchagua mgombea wake wa udiwani, mama mkwe alikataa kunishikia mtoto.

"Leo nina kazi yangu," alisema, huku anajipaka mafuta miguuni bila kunitazama.

Kazi yake niliijua. Kata nzima iliijua. Kwa miaka kumi na tano amekuwa mwenyekiti wa akina mama wa chama, na miaka yote hiyo amewapanga wanawake nyuma ya mtu mmoja: Mkandarasi, diwani wetu wa vipindi vitatu. Aliyejitokeza kupambana naye safari hii ni mimi, mpiga pasi kwenye duka la dobi, niliyefanya mtihani wa masomo ya jioni nikiwa na mimba ya miezi minane. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kliniki ya watoto ifunguliwe mpaka jioni. Sisi tunaotoka kazini saa kumi tunakuta kufuli. Mwanangu alikosa chanjo mbili kwa sababu ya kufuli lile.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, nikaenda.

Kwenye ngazi ya kata chama chetu hakitumii karatasi za kura. Wagombea husimama barazani, mbele ya ukuta wa ofisi, na wanachama hupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Filimbi ikilia hakuna kuhama, watu wanahesabiwa. Na ili mtu asitishwe kwa macho, katiba inataka mgombea aangalie ukuta mpaka hesabu iishe.

Msimamizi, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni, alinionyesha pa kusimama. Tukiuelekea ukuta, Mkandarasi angekuwa kulia kwangu, hatua kama sita; alikuwa ananukia manukato.

"Umekuja na mpiga debe wako?" aliniuliza, akimtazama mtoto.

"Huyu ni mlinzi, mheshimiwa."

"Basi akulinde na aibu, binti yangu. Pasi ikikuzidi moto, iache."

"Ukiiacha ndipo inapounguza nguo, mheshimiwa."

"Geukeni," akasema msimamizi.

Ukuta ulikuwa bluu mpaka usawa wa kifua, juu yake mweupe, na msumari mmoja uliobaki baada ya kalenda kuondolewa. Macho yangu niliyatundika pale. Nyuma nilisikia ndala zikiburuzwa, mtu akikohoa, wanawake wakiitana. Miguu mingi ilikuwa inaishia kulia. Sikio halidanganyiki kwa hilo.

Aliyekuwa anaona ni mtoto peke yake. Ana mwaka na nusu na maneno manne. Alikuwa anageuza shingo huku na huku, mara akaanza kurukaruka kwenye mbeleko.

"Bibi," akasema. "Bibi."

Mwili wake wote ukainamia kulia, kwa Mkandarasi. Nilijua tangu mwanzo kwamba mama angesimama kule, ila kujua ni jambo moja, na kuonyeshwa na mwanao ni jambo lingine.

"Msalimie bibi," nikamnong'oneza. Yeye kosa lake lilikuwa nini?

Akazidi kuruka mpaka mbeleko ikaanza kulegea. Nilikuwa naikamata kwa mkono mmoja niliposikia viatu vya Mkandarasi vinageuka kwenye sakafu.

"Akina mama," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inawaelekea watu. "Mimi nakumbuka sura ya kila mtu. Kila mtu."

Miguu yote ikasimama.

"Mheshimiwa," ikasema sauti kwenye kisogo changu. "Kipengele cha kumi na nne. Mgombea aangalie ukuta."

Na mikono miwili ikaivuta mbeleko, ikampandisha mtoto, ikafunga fundo.

Watu wakacheka. Mkandarasi hakucheka. "Mama, hata wewe?"

"Geuka kwanza, baba, ndiyo tuongee."

"Geuka, mheshimiwa," akasema msimamizi.

Viatu vikageuka. Miguu ikaanza tena kutembea, na safari hii ilikuja kwangu.

"Mama," nikauambia msumari, "katiba umeisoma lini?"

"Nisome na miwani yangu iliyovunjika? Huu ni mwezi wa tano kila usiku unamsomea mjukuu wangu katiba ya chama ili alale. Yeye analala kipengele cha tatu, mimi chumbani kwangu naendelea kukusikiliza mpaka mwisho."

"Lakini asubuhi ulinikatalia mtoto."

"Ningebaki nyumbani na mtoto, hapa angesimama nani? Wenzangu hawa wasingesogea bila kuniona."

"Ungeniambia."

"Wewe uso wako hauna pazia. Mkandarasi angekuwa kwangu kabla ya chai. Na zile chanjo hazikumpita mtoto wa jirani, zilimpita mjukuu wangu. Usigeuke, utatuharibia."

Filimbi ikalia. Msimamizi alianza na kulia, akigusa bega moja baada ya jingine, mpaka mia moja tisini na sita. Kisha akaja kwetu.

"Mtoto asihesabiwe," akasema Mkandarasi.

"Mtoto hana kadi ya chama, mheshimiwa. Moja," akasema msimamizi, akimgusa mama mkwe. "Mbili. Tatu."

Sauti yake ikaenda ikirudi nyuma, hamsini, themanini, mia na ishirini. Ikafika mbali nikawa naisikia kwa shida. Halafu sikuisikia kabisa, nikadhani watu wameisha.

Kumbe alikuwa ametoka langoni. Mstari wangu ulikuwa umefika barabarani.

"Mia mbili arobaini na moja," akatangaza aliporudi, anahema. "Mnaweza kugeuka."

Niligeuka. Lango lilikuwa upande ule ule wa Mkandarasi, na wanawake walikuwa wamepanga mstari mpaka nje yake, wapiga pasi wenzangu wakiwa bado na wanga mikononi. Ndipo nilipoelewa mtoto alikuwa anainamia nini: bibi yake alikuwa anaingia, na hao wote nyuma yake.

Mkandarasi alinipa mkono. Ulikuwa umelowa jasho, lakini alinipa.

Mama mkwe alikuwa ameshalifungua fundo alilolifunga mwenyewe.

"Lete mtoto," akasema. "Sasa wewe ndiye mwenye kazi."