Ekari Sita za Baridi

Kila siku saa moja asubuhi, Sulemani mwenye bucha hutoka Gachoka na pikipiki yake, mbuzi wawili waliochinjwa wakiwa wamefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Akifika kwenye lango la mzee Kailemia husimama, huvaa koti zito la sufu juu ya koti lake jeupe la kazi, ndipo huingia. Nje ya lango ni Mbeere: jua, vumbi, na ndengu za majirani zinazokauka kabla hazijajua kama zimeota. Ndani ya lango ni baridi. Ukungu huanzia kwenye ua wa mkonge na kuishia kwenye ua wa mkonge, ekari sita kamili, na chini yake kuna viazi. Sulemani hutundika nyama yake kwenye banda la nyuma, hunywa chai ya Mukiri, mke wa mzee, kisha hurudi mjini. Hajawahi kununua friji. Anasema friji ni ya watu wasio na majirani.

Hali hiyo ina miaka arobaini na moja, na hakuna anayeizungumzia sana. Adhuhuri mbuzi wa jirani huja kuegemea ua. Wanafunzi wakitoka shule hupenyeza mikono katikati ya mkonge, wanapoa, wanaenda zao. Mwaka mmoja walikuja watu wa hali ya hewa na kipimo chao, wakapima, wakaandika digrii kumi na moja, wakala viazi vya kuchemsha kwa chumvi, wakapima tena. Ilikuwa kumi na moja kweli. Hawakurudi.

Kailemia alizaliwa Kibirichia, huko juu kwenye baridi na viazi, ambako baba yake aliwagawia wanawe saba shamba ambalo lisingetosha kuku. Mwaka wa 1984 alishuka Mbeere na mke mja mzito, panga mbili na gunia la mbegu. Watu wa Gachoka walimcheka hadi wakashika mbavu. Viazi! Pale ambapo hata mtama huomba ruhusa! Yeye na Mukiri wakafyeka miiba, wakafukuza nyani, wakalala chini ya turubai, wakapanda. Siku ya tatu baada ya kupanda, Mukiri alijifungua msichana, na kabla kitovu hakijakatwa ukungu ulikuwa umeshuka. Mwaka huo kila mtu anaukumbuka kwa njaa. Nyumba zilizokuwa karibu na Kailemia zinaukumbuka kwa viazi, kwa sababu aligawa mpaka gunia la mwisho, na tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Baridi ilikuwa yake, hilo halikuwa na ubishi. Kailemia mwenyewe alilieleza kwenye mazishi, kwenye mahari na kwenye mikutano ya chifu, hata kama mkutano ulikuwa wa mbolea. "Mwanamume akihama," alisema, "hewa ya kwao humfuata." Watu waliitikia. Yalikuwa maneno mazuri, na tena waliokuwa wakiitikia walikuwa wamekula viazi vyake.

Msichana waliyemzaa ni Kagwiria. Baada yake walikuja Mwenda, ambaye hubeba viazi sokoni kwa pikapu, na Salesio, ambaye yuko Nairobi anauza simu. Kagwiria hakwenda popote. Shule yake ilikuwa nyuma ya ua, na darasa lake ndilo pekee lililofunga madirisha mwaka mzima. Walimu walisema ni kwa sababu liko karibu na kwa Kailemia. Jumapili alikwenda kanisani dakika tisini na kurudi, na dakika tisini hazijawahi kuua kiazi. Siku nyingine zote alikuwa shambani na viatu vya gambuti na sweta, akipanda, akipandishia udongo, akinyunyizia dawa ya kuvu, akiimba vibaya. Alilipenda shamba lile kupita kiasi. Wachumba wawili walikuja wakaondoka, na hakuwalilia.

Mwezi wa tano mwaka huu, shangazi yake Marcella alianguka kule Muthara akavunjika nyonga. Kagwiria akatumwa kumtunza kwa wiki tatu. Siku ya pili jua lilipanda juu ya ua wa mkonge likaingia kwa Kailemia kama mtu aliyealikwa. Saa sita mchana nyama ya Sulemani ilikuwa inanuka. Siku ya tatu viazi vililala chini. Mzee Kailemia alivua koti lake, akaketi nje na shati tu, akiona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Ndipo Marcella akapiga simu.

"Mkubwa," alisema, "huyu msichana wako amekuja na ukungu. Ni saa saba mchana na nimevaa blanketi mbili. Si mbaya, mguu umeacha kuuma. Lakini huko nyumbani mko aje?"

Kailemia alikata simu akatazama viazi vilivyolala.

"Kumbe si yangu," alisema.

"Si yako," alisema Mukiri, ambaye alikuwa akichambua maharagwe. "Mimi nilijua tangu siku ile niliyomzaa."

"Na hukusema?"

"Kwani nani aliniuliza?"

Mwenda alikwenda na pikapu kumchukua dada yake, na jirani wa Marcella akakubali kumwangalia mgonjwa. Kutoka Meru mpaka Embu Mwenda aliendesha huku waipa zikifuta kioo, ingawa barabara ilikuwa kavu. Kagwiria aliposhuka langoni, ukungu ukashuka naye, na kufikia jioni viazi vingi vilikuwa vimesimama. Vile vya chini karibu na mwamba vilikufa. Sulemani alileta nusu kilo ya maini kumkaribisha, akamwambia, "Karibu, mama friji," na Kagwiria akacheka mpaka akashika mlango.

Wakati huo mpimaji wa ardhi alikuwa ameshaitwa. Kailemia alikuwa na miaka sabini na minane na alitaka kugawa shamba angali anaona mipaka: ekari tatu kwa Mwenda, ekari tatu kwa Salesio. Asubuhi moja, wakinywa uji, Kagwiria akasema.

"Baba, nataka ekari moja. Ile ya chini karibu na mwamba. Visiki vyake niling'oa mimi."

"Ekari ya nini, mama? Kwani kuna mtu amekufukuza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka iandikwe, nisije nikafukuzwa."

Kailemia hakuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake, na tangu simu ya Marcella alikuwa akimwonea haya kidogo, kama mtu aliyegundua amevaa kofia ya mwenzake miaka yote. Lakini jambo hilo lilimzidi, akaita wazee wa ukoo.

Walishuka Jumamosi kutoka Kibirichia, watu watano, wakatoa makoti yao kwenye mifuko langoni na kusema, ah, hapa sasa ni nyumbani. Katibu wao alikuwa Kathuri, mwalimu mstaafu, aliyekuja na daftari. Sulemani alikuwepo kwa sababu nyama ya kikao ilikuwa yake. Salesio hakuwepo, alikuwa na wateja.

Jambo la baridi lilichukua dakika tano. Wazee walisikia habari ya Muthara, wakauliza viazi vilikufa vingapi, wakakubaliana kwamba baridi ni ya Kagwiria. Hakuna aliyepinga. Mwanamke akiwa na kuku ni kuku wake, akiwa na baridi ni yake. Wakapiga makofi.

Jambo la ekari lilichukua saa tatu.

"Msichana ni wa kuolewa," alisema mzee mmoja.

"Mzee, nina miaka arobaini na moja."

"Bwana hachelewi."

Wakacheka, na yeye pia alicheka kidogo, kwa heshima.

"Kwetu Waislamu binti ana fungu lake," Sulemani aliingilia. "Ni nusu ya la kaka yake, sawa, lakini analo. Na hata sheria ya serikali—"

"Sulemani, wewe kunywa chai."

Kailemia alikohoa. "Shamba ni la wasioondoka," alisema.

"Baba, asiyeondoka ni mimi."

Mwenda alitazama gambuti zake. Ilikuwa wazi kwa wote, hata kwa yule mzee wa bwana hachelewi, na kwa muda kidogo ilionekana kama mtu atasema. Kisha Mukiri akaleta mukimo wa viazi vya kupondwa na nyama, na ikawa lazima watu wanawe mikono. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Salesio hakuwepo, na lake likawepo, ekari tatu. Kathuri aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Imekubaliwa kwa kauli moja kwamba baridi ni ya Kagwiria na ardhi ni ya Mwenda na Salesio.* Akawasomea mara mbili.

"Imeniuma, mama," Kagwiria alimwambia Mukiri wakiosha sufuria. "Imeniuma hapa."

"Najua. Visiki vile vingine vyote niling'oa mimi."

Walitazamana. Kisha Mukiri alianza kucheka, na Kagwiria akacheka, kwa sababu visiki vilikuwa vingi mno.

Mwenda, ambaye roho ilimsuta, alimjengea dada yake nyumba ya vyumba viwili yenye dohani, na Kagwiria akaipenda. Msimu uliofuata ulikuwa mzuri. Viazi vikatoa maua meupe ekari zote sita, na asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai kuyatazama, na siku nyingi alikuwa na furaha. Hilo lazima lisemwe.

Mwezi wa nane waliitwa ofisi ya ardhi, familia yote, kila mmoja akubali kwa mdomo wake. Walikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Ukungu ulijaa korido. Watu waliokuwa wakingoja uwanjani kwenye jua waliingia, wakasogea karibu na Kagwiria, wakamshukuru. Walipoitwa ndani ilikuwa saa sita na nusu. Karani alifunga dirisha, akavaa jaketi, akaipangusa fomu kwa sababu ilikuwa imelowa.

"Huyu ni Mwenda. Salesio ametuma barua. Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye mwenye baridi."

Karani aliitikia kwa kichwa, akapitisha kidole kwenye fomu kutoka juu hadi chini, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Baridi haina mahali hapa," alisema kwa upole. "Weka sahihi hapa chini, kwa wasio na dai. Lakini nikuulize, mama, umekubali kwa hiari yako? Kama una neno, sema. Naweza kuahirisha, tuite wazee, tusikilize. Tutakaa mpaka jioni, lakini tutasikiliza."

Kagwiria alikuwa na neno. Alikuwa amelitayarisha tangu Mei, na lilikuwa neno zuri. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akitazama sakafu. Alitazama saa ya ukutani. Kule nyumbani jua lilikuwa limeshaingia shambani tangu asubuhi, na maua hayawezi kungoja mpaka jioni. Akainama, akatia sahihi haraka haraka, akamwambia Mwenda awashe gari.

Walifika saa nane. Alishuka gari halijasimama vizuri, akapita katikati ya mistari na viatu vyake vya kutokea, na ukungu ukamfuata nyuma. Kufikia saa kumi viazi vyote vilikuwa vimeinua vichwa, ekari tatu za Mwenda na ekari tatu za Salesio.