Kioo cha Kati

Muhidini alikuwa fundi saa mjini Mbeya, ila mapenzi yake yalikuwa kwenye kamera. Mwaka 1974 Mwalimu Liberatus wa Iringa alimletea yake, ndogo, ya Kijerumani, lenzi imeota ukungu ndani. Ilikuwa lenzi ya vioo vitatu. Muhidini akaifungua, akavipangusa kimoja kimoja, kisha wakati wa kuvirudisha akakwama. Kioo cha kati kilikuwa kimebonyea pande zote mbili, karibu sawasawa. Upande upi ulitazama mbele? Hakuwa amekitia alama.

Akabahatisha. Angeweza kupiga filamu moja ya kujaribia, lakini mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na basi la Iringa lilikaribia kuondoka. Akachungulia kwenye kidirisha cha kulengea cha kamera, akaona mtaa wote safi. Alijua fika kwamba kidirisha hicho kina njia yake, hakipiti kwenye lenzi, wala hakiwezi kumwambia lolote.

"Iko tayari, Mwalimu," akasema.

Miezi saba baadaye Liberatus alirudi, amenyoa kichwa, kamera begani na picha mkononi. Ilikuwa ya harusi ya dada yake Kalista. Bibi harusi alikuwa katikati, hata shanga zake ungeweza kuzihesabu. Pembeni kabisa alisimama mama mzee, uso umetawanyika kama moshi.

"Huyo ni mama. Tumemzika Jumanne. Hana picha nyingine," alisema Liberatus. "Nadhani mkono wangu ulitetemeka. Unaweza kuikuza, fundi, uso uonekane?"

Mkono ukitetemeka, picha huharibika yote. Hii ilikuwa imekufa pembeni tu, dalili ya kioo kilichokaa kinyume. Muhidini angeweza kunyamaza. Mwenzake alikuwa ameshajitwisha kosa.

"Si mkono wako, Mwalimu. Ni mimi. Kioo cha kati nilikirudisha kinyume."

"Ulijua?"

"Nilikuwa na shaka. Sikukwambia."

Liberatus aligusa pembeni mwa picha, pale aliposimama mama.

"Tulimwambia asimame katikati," akasema. "Akakataa. Alisema pale ni pa maharusi."

Muhidini akaifungua kamera pale pale, akakigeuza kioo. Safari hii alipiga filamu, akaisafisha, mwalimu akingoja kwenye benchi. Picha zikatoka safi mpaka ukingoni. Liberatus aliziinua kwenye mwanga, akazitazama, akaichukua kamera yake.

"Asante, fundi," akasema kwa upole, akatoka.

Muhidini alibaki ameshika bisibisi. Afadhali angetukanwa.