Akala za Lokorio Nyuma ya Maktaba

Maneno yalimfikia Lokorio sokoni Kakuma, alipopita na mbuzi wa kuuza akitoka Nakalale. Binamu yake Ekidor hakumficha.

"Ejok," alimsalimu. "Lakini hiyo msichana yako ya Lodwar, kila jioni anakaa nyuma ya maktaba na mwanaume. Nilikuwa huko juzi, nimeona alama kwa mchanga."

Kufika Lodwar alikuwa ameshakata shauri: masomo ya bintiye Carol yamekwisha, kesho anarudi naye Nakalale kuchunga. Maktaba gani hiyo ya kusomewa nje, ukutani?

Hata nyumbani hakupita. Alikuta mlango wa maktaba umeshafungwa, akazunguka nyuma ya jengo na kuinama. Mtu aliyelelewa na mifugo haambiwi nani kapita wapi. Alama za malapa ya Carol hizi. Na ubavuni mwake, wameketi karibu karibu, alama za akala za mwanaume, viatu vya tairi, ya kushoto ina pengo kisiginoni.

Lokorio akashtuka. Pengo hilo alilikata mwenyewe kwa kisu! Ni akala zake kuukuu, alizoziacha chini ya kitanda. Basi huyo mshenzi ameingia mpaka chumbani, na mkewe Abei amenyamaza. Lao moja! Angetulia, angeona kwamba hatua zenyewe zilikuwa nyepesi, visigino vikiburuzwa. Nyayo za mbuzi zisingempiga chenga hivyo. Lakini hasira haisomi vizuri. Akajibanza kwenye kona, fimbo mkononi.

Wakaja. Carol mbele na simu, nyuma yake Abei, akala zikimpwaya miguuni.

"Mama Carol! Mwanaume iko wapi?"

Abei hakutetereka. Aliketi mahali pake pa kila siku, Carol akafungua somo la hesabu kwenye simu.

"Maktaba wakifunga, intaneti yao inafika hapa tu," alisema Abei. "Nyumbani hakuna. Na mwanaume ni wewe, Baba Carol. Watu ya hapa wanasoma mchanga. Nilitaka wakipita asubuhi waone mtoto alikuwa na baba yake."

Lokorio aliishusha fimbo. Majirani wote walimjua kuwa baba anayekaa na bintiye kila jioni, na yeye peke yake ndiye asiyejua.

"Baba, umekuja kukaa?" Carol aliuliza.

Neno la Nakalale akalimeza.

"Nipe akala yangu," alimwambia mkewe. Akazivaa, akaketi.