Upande wa Nyuma wa Nguzo

Mwanamke aliyepaka mishale ya njia ya baiskeli alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, ila watu walikwisha kulisahau. Tangu ofisi ya halmashauri imkabidhi kopo la rangi ya manjano miaka minne iliyopita, kila mtu alimwita Mama Mishale, naye akaitika bila kinyongo. Njia yenyewe ilikuwa tuta la reli iliyong'olewa zamani, kilomita thelathini na moja kandokando ya ziwa, kuanzia mjini hadi gati la mwisho. Gari halikuruhusiwa kukanyaga. Wageni walikuja na baiskeli zenye mifuko pande zote mbili, wakaendesha taratibu kutwa nzima, huku ziwa na huku mashamba, wakila upepo bila kupigiwa honi na mtu.

Isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya safari tuta liliingia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na mwenye shamba aliweka geti kila upande akasema hapana. Ardhi ni yake, hati anayo. Basi mwendeshaji alilazimika kuiacha njia, apande kilima hadi barabara kuu, aende mita mia sita bega kwa bega na malori ya mchanga, kisha ashuke tena kwenye tuta ng'ambo ya shamba. Ofisi ilimwandikia mzee huyo barua tisa. Zote zilirudi na neno moja lile lile kwa kalamu nyekundu, na ndipo ofisini wakampachika jina la Bwana Hapana.

Kwa mtu mwingine mita mia sita si kitu. Kwa Mama Mishale zilikuwa donda, maana hapo hapo, mwaka mmoja kabla njia haijafunguliwa, lori lilimgonga dada yake mkubwa. Dada alipona, ila mguu wa kushoto ulibaki na chuma ndani, na baiskeli yake nyekundu ikatundikwa ukutani jikoni, juu ya ndoo za maji. Kabla ya hapo dada huyo alikuwa hashikiki. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuendesha, akimkimbilia nyuma na kumwapia kwamba bado ameshika kiti, kumbe ameachia zamani. Sasa hata dukani alikwenda kwa miguu, tena kwa kupita vichochoroni. Mdogo wake alipomgusia habari ya kuishusha ile baiskeli, jibu lilikuwa tayari.

"Siku utakayoniambia hakuna lori hata hatua moja, toka mwanzo mpaka mwisho, nitaishusha mwenyewe. Usiniambie ni padogo tu, mdogo wangu. Mimi padogo napajua."

Ndiyo maana Mama Mishale aliiomba kazi ile. Wenzake walidhani anapenda rangi.

Jumatatu moja mchora ramani wa ofisi, bwana mpole aliyekuwa akitafuta miwani yake huku ameivaa, alitandaza mezani ramani mpya ya njia. Ilikuwa inakwenda kuchapwa Ijumaa. Njia nzima ilikuwa mstari wa kijani, na pale katikati vidoti vyekundu.

"Ikishachapwa ndiyo basi," alisema. "Nyingine labda baada ya miaka mitano."

"Na mzee?"

"Mzee tumemwandikia mara tisa, wewe mwenyewe unajua."

"Kumwandikia tumemwandikia. Nani amekwenda kumwona?"

Mchora ramani akamtazama karani, karani akautazama mlango. Kila mmoja alikuwa akiamini kwamba mwenzake alikwenda. Kumbe katika miaka minne hakuna aliyewahi kukanyaga kwa yule mzee, na Mama Mishale aliona aibu, kwa sababu naye alikuwa mmoja wao.

Kesho yake asubuhi alifunga kopo lake la rangi nyuma ya baiskeli, akaenda. Alimkuta Bwana Hapana kwenye banda la kukamulia akisuuza ndoo, mzee mrefu mwenye viatu vya mpira na shati lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mishale," alisema mzee, akilitazama kopo. "Una moyo, mama. Watu wako hawakuja kamwe, wananitumia baiskeli tu."

"Mzee, sisi hatujawahi kumtuma mtu kwako."

Mzee akaiweka ndoo chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole: bibi na bwana waliopita katikati ya ng'ombe wakiomba radhi kwa kila ng'ombe, watu kumi na wawili wenye kofia ngumu walioingia bandani wakati wa kukamua, wakapiga picha, wakamsifia, na wale wa mwezi uliopita, walioacha geti wazi.

"Mtamba wangu alitoka," alisema. "Alizaliwa mikononi mwangu, saa nzima namvuta. Akapanda mpaka barabarani, na lori halikumsaza. Halafu juzi napokea barua, ya tisa hiyo, inaniomba nishirikiane na halmashauri katika kukuza utalii."

Mama Mishale alikumbuka kitabu cha wageni pale ofisini, jinsi walivyocheka mtu alipoandika kwamba njia yote nzuri lakini kwenye ng'ombe ndiko kunakopendeza zaidi. Walidhani anasema ng'ombe wa kuonekana kwa mbali.

"Njoo," alisema mzee.

Walivuka shamba, yeye akikokota baiskeli, wakatokea geti la ng'ambo, wakaenda mbele kidogo, wakaipita nguzo ya zege iliyosimama pale ambapo kijia cha kutoka barabarani kinakutana na tuta. Mzee akasimama.

"Sasa geuka. Wewe ni mgeni, umetokea gatini, umechoka, hujui hili wala lile. Endesha."

Akapanda, akaendesha. Hatua ishirini tu, na nguzo ile ikamjia usoni kwa upande ambao hakuwahi kuutazama. Ilikuwa na mshale wa manjano, safi, umepakwa na mtu anayejua kazi yake. Haukuelekeza kulia, kwenye kijia cha kupanda barabarani. Ulielekeza mbele moja kwa moja, kwenye geti la mzee.

Akashuka. Mkono ule aliujua. Kabla nguzo hazijasimikwa zilikuwa zimelazwa karakana, na ramani ya kwanza kabisa ilipita katikati ya shamba. Asubuhi moja alipaka migongo ya nguzo zote kwa mpigo, mishale ya kwenda mbele tu, akijiambia penye kona atarekebisha baadaye. Nyuso za nguzo alizikagua moja moja, kila mwezi, kwa baiskeli. Migongo hakuikagua hata siku moja, kwa sababu ili uione migongo ni lazima urudi kwa baiskeli, na yeye kila mara alirudi mjini kwa pikapu ya ofisi.

"Mzee, ni mimi," alisema. "Si ofisi. Mshale huu ni wangu."

"Miaka minne hukuuona?"

"Sikuuona. Ile barabara ya malori naipita mara moja, roho mkononi, mara ya pili siwezi. Kwa hiyo narudi na pikapu. Dada yangu aligongwa pale juu."

"Mwenye baiskeli nyekundu?" mzee akauliza.

"Huyo."

"Nilizisikia breki nikiwa hapa hapa," alisema mzee. "Breki zile nimezisikia mara mbili. Mara ya pili nilijua kabla sijafika."

"Pole, mzee. Kwa mtamba wako, na kwa yote. Nilipaswa kuja zamani."

Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Mama Mishale akalifungua kopo lake, akatoa kwenye mfuko wa baiskeli kikopo cha rangi ya kijivu, brashi, na kibao chake kilichokatwa tundu la umbo la mshale. Kwanza akaufuta mshale wa uongo kwa ile rangi ya kijivu, akaisubiri ikauke. Kisha akakiegemeza kibao nguzoni, ncha ikatazama kulia, kilimani, na hapo mkono ukagoma. Mshale sahihi ulikuwa ule wa kuwapeleka watu kwenye malori. Kwa miaka minne kosa lake lilikuwa limewaepusha wageni na barabara, na sasa haki ilimtaka awapeleke huko kwa mkono wake mwenyewe.

Alisimama na brashi hewani mpaka tone la rangi likamdondokea kiatuni. Lakini ardhi ni ya mzee, na mtamba alikwisha kufa. Akapaka. Alipaka huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta maana mikono ilikuwa na rangi.

"Ng'ombe wangu wanakunywa maji saa nne na saa kumi," alisema mzee nyuma yake.

"Ndiyo, mzee."

"Saa hizo hapiti mtu, hata awe nani. Na bandani kwangu sitaki picha."

Mama Mishale akageuka.

"Kule chini, kando ya maji, ng'ombe hawalali," mzee aliendelea, akitazama ziwa kana kwamba anagombana nalo. "Mkiweka uzio upande wa banda, na mageti yanayojifunga yenyewe, yale ya kufungiwa jiwe zito kwenye mnyororo. Na kibao cha kuwaonya watu nitaandika mimi. Ninyi barua zenu ni ndefu mno."

"Unakubali, mzee?"

"Nilidhani mnanifanyia makusudi," alisema. "Nilisema watanichosha mpaka nichoke, na mimi kuchoka sitaki. Kumbe mtu kasahau tu kutazama nyuma. Mlete huyo mwandishi wenu wa barua, aje kwa miguu yake."

Alhamisi barua ya kumi, aliyoipeleka karani kwa miguu yake mwenyewe, ilirudi ofisini imeandikwa kwa kalamu nyekundu: NDIYO, ILA. Baada ya hapo yakafuata masharti ukurasa mzima, na mchora ramani akayakubali yote akiwa amesimama. Ijumaa ramani ilikwenda kuchapwa ikiwa na mstari wa kijani mtupu.

Uzio na mageti vilichukua miezi miwili. Vilipokamilika Mama Mishale alikwenda jikoni kwa dada yake, akaketi chini ya baiskeli nyekundu.

"Dada, nina kazi na siiwezi peke yangu," alisema. "Migongo ya nguzo. Mimi nimezoea kutazama upande mmoja. Nataka mtu atokee gatini aje huku, anitazamie kila mshale. Pikapu itakufikisha gatini kwa njia ya nyuma."

"Na lori?"

"Hakuna."

Dada aliosha vikombe viwili vilivyokuwa safi tayari. Kisha akaomba ngazi.

Jumamosi saa nne Mama Mishale alikuwa amesimama kwenye geti la mzee. Ng'ombe walikuwa wakivuka kwenda majini, bila haraka yoyote, na kibao kilisomeka: NG'OMBE KWANZA. GETI LINAJIFUNGA LENYEWE, USILISAIDIE. Mbali kule kwenye tuta kikatokea kitu chekundu. Kilikuja polepole, kikiyumba kidogo, na hakikusimama mpaka kilipofika getini. Dada akaweka chini mguu wa kushoto, jasho linamtoka, uso umechangamka kama wa zamani.

"Nguzo ya kumi na saba, mshale umepinda," alisema. "Nimeandika."

"Nitaunyoosha."

Huko juu kilimani lori lilipita likinguruma. Dada aliinua uso akalisikiliza mpaka likaisha, na mdogo wake alimwacha alisikilize.

"Na kutoka hapa mpaka mjini?"

"Hakuna, dada."

"Hata hatua moja?"

"Hata moja."

Ng'ombe wa mwisho alivuka. Mzee akawaashiria kwa ndoo kwamba wapite.

"Kuanza ndiko kunakonishinda," dada alisema, akishusha sauti ili mzee asisikie. "Mguu huu ukishaanza haujambo. Kule gatini dereva alinishikia. Hebu nishikie kiti."

Mama Mishale akashika kiti, akasukuma, akaanza kukimbia nyuma ya dada yake kwenye njia mpya ya kando ya maji, kopo la rangi likigonga mgongoni. Pedali zilikolea mwendo.

"Umeshika?" dada aliuliza bila kugeuka.

"Nimeshika," alijibu Mama Mishale, akiwa ameachia kitambo, amesimama mikono mitupu, akimtazama anavyokwenda.